Hata Wembe Haupiti

Mimi ni seremala. Shule niliiacha darasa la nne, mwaka ambao mwalimu wa hesabu alihamishwa na wakubwa wakasahau kutuletea mwingine. Hesabu niliyonayo ni ya futi na penseli ya sikioni, na kusoma kwangu ni kwa kuburuta, kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Nayasema haya mapema asije mtu akadai nilificha. Lakini mlango niliouweka mimi ukifungwa umefungwa. Droo yangu ukiisukuma inashusha pumzi kama mtu aliyeshiba. Na kwenye maungio yangu hata wembe haupiti. Maneno hayo, hata wembe haupiti, nimewaambia wateja miaka thelathini, na marehemu mke wangu alikuwa ananimalizia kabla sijafika mwisho. Ndiyo yaliyokuja kuniponza.

Mke wangu alikuwa mfagiaji kwenye shule ya muziki, jengo la ghorofa mbili lenye madirisha marefu, mtaa wa tatu kutoka karakana yangu. Binti yetu alipokuwa na miaka minane alikuwa akienda naye, anakaa chini ya piano ya ukumbini kama paka, anasubiri mama yake amalize kupiga deki. Mama yake alimwita Chiriku kwa kejeli tu, kwani chiriku ni ndege wa kelele, na huyu mtoto ungeweza kushinda naye kutwa asikuulize hata saa. Siku moja Mkuu wa shule, mama mmoja mrefu, mkavu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, akamkuta amesimama kwenye piano. Anabonyeza kibao kimoja, anasubiri sauti iishe yote, ndipo anabonyeza cha pili.

"Huyu ana sikio," Mkuu akamwambia mke wangu.

Mke wangu akaileta habari hiyo nyumbani mbiombio, hata viatu hajavua.

"Kila mtu ana sikio," nikasema. "Mimi ninayo mawili. Anataka nini?"

"Anataka kumfundisha."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

"Ahaa. Kitu cha bure kina mwenyewe, mama Chiriku, na mwenyewe huja kukidai."

"Mume wangu," akasema, "wewe hata jua likichomoza unauliza limetumwa na nani."

Basi akafundishwa. Nilikuwa nikipita chini ya yale madirisha nasimama kusikiliza, na miaka miwili ya kwanza sikusikia wimbo hata mmoja. Ngazi tu. Vidole vinapanda, vinashuka, vinapanda, vinashuka. Mkuu alimwekea kifutio mgongoni mwa mkono, kikianguka anaanza upya. Nikajua mbinu hiyo. Ukitaka mtoto wa fundi aache mwenyewe bila wewe kumfukuza, mpe ngazi hadi achoke. Ila Chiriku hakuchoka. Mezani, sahani ikiondolewa tu, vidole vyake vinaanza kutembea juu ya mbao. Alipofika miaka kumi na mbili alikuwa anapiga vitu ambavyo vilinifanya niweke randa chini, nami si mtu wa kuweka randa chini.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano mama yake akaugua tumbo.

Hospitali kijana mmoja wa koti jeupe akaniletea karatasi na kalamu iliyofungwa kamba. "Saini hapa, mzee, ni utaratibu tu." Kwenye karatasi ile neno moja tu nililifikisha mwisho kwa macho yangu: *haitawajibika*. Hospitali haitawajibika. Nikasaini, maana mke wangu alikuwa anauma shuka. Alasiri wakanikabidhi viatu vyake kwenye mfuko. Nikauliza aliyempasua ni nani, nikaambiwa yupo kwenye kikao. Nikarudi siku saba, na siku zote saba yupo kwenye kikao. Nadhani mpaka leo hajatoka.

Tangu hapo nikaapa: karatasi ya mkubwa yeyote sisaini.

Haukupita mwaka, Chiriku akaja na karatasi kutoka kwa Mkuu. Nikamwambia aisome kwa sauti.

"'Mimi mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu,'" akasoma, "'namruhusu kutumia chumba namba nne kila siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kengele ya masomo. Shule haitawajibika...'"

"Ishia hapo."

"Baba, sentensi haijaisha."

"Kwangu imeisha."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kwa nini amtake mtoto wangu asubuhi hiyo, walimu wenyewe hawajafika? Mfagiaji amekufa. Nafasi ya mfagiaji haijajazwa. Mama alishika ufagio, sasa anatafutwa binti, tena kwa karatasi yenye neno lilelile. Nikairudisha bila saini, na nikasema mguu wangu hautakanyaga jengo lile tena. Chiriku akaangalia sakafu. Hakulia wala hakubisha. Mtoto asiyebisha anakuachia kazi yote ya kubishana na nafsi yako.

Lakini mpiga piano bila mazoezi ni sawa na patasi iliyoachwa mvuani. Shuleni alikuwa anapata saa moja kwa siku, na saa hiyo yenyewe wanagawana wawili. Nikasema sawa, nitamtengenezea ya kwangu.

Kulikuwa na mzee mmoja tukimwita Fundi Nyuzi, kazi yake kukaza nyuzi za piano pale shuleni na makanisani. Alikuwa akija kwangu kuokota vipande vya mbao ngumu. Nikamweleza shida yangu, akaniletea kibao kimoja cheupe kutoka kwenye piano iliyokufa.

"Hiki ndicho chenyewe," akasema. "Vyeupe vipo hamsini na viwili, vyeusi thelathini na sita. Lakini njoo shuleni upime piano nzima, fundi. Kibao kimoja ni kama jino moja, hakikuonyeshi mdomo."

"Pale siingii."

"Mimi nitakuwepo."

"Wewe pia wanakulipa wao," nikamwambia. Akacheka, akaenda zake.

Nikapima jino langu. Upana milimita ishirini na mbili na nusu. Nilikuwa na kabati la nguo la mke wangu, nililolitengeneza mwaka tuliooana, mbao iliyokauka vizuri, na nguo zilikuwa zimeshagawiwa ndugu. Nikalivunja hilo. Miezi miwili nilipasua, nikapiga randa, nikapiga msasa, vibao hamsini na viwili kila kimoja milimita ishirini na mbili na nusu, unywele hauzidi. Chini nikaweka sponji la godoro ili kibao kikibonyezwa kirudi. Nikavipanga ubavu kwa ubavu, vimebanana vizuri, kisha nikavipaka nta ya mshumaa ubavuni viteleze. Vikateleza. Vyeusi thelathini na sita nikavipachika kwa juu, upande wa nyuma; vyeupe ukivitazama ungedhani ni ubao mmoja uliochorwa mistari. Hata wembe haupiti.

Chiriku akakaa. Akaweka mikono, akatandaza vidole kutoka kibao hadi kibao, akavikunja, akavitandaza tena.

"Vipi?"

"Nzuri, baba," akasema. "Nzuri sana."

Kukawa na sauti mbili nyumbani, randa yangu uani na vidole vyake ndani, tok, tok, tok, wimbo usiosikika. Saa nne kila siku. Nilizoea hata kujua kipande gani anapiga kwa mshindo wa mbao tu. Kimoja kilikuwa na mahali ambapo mkono wa kushoto unaruka kutoka katikati hadi kule chini kwenye sauti nzito, na kurudi, mara kumi na mbili. Mirukio ile kumi na miwili nilikuwa naihesabu huku nikikata mbao, na siku ambayo yote ilitua nilikuwa nakata vizuri.

Alipofika miaka kumi na minane ikaja nafasi. Okestra ya mji kila mwaka inachukua kijana mmoja wa piano, mmoja tu, anakaa nao mwaka mzima, anapiga nao jukwaani, na baada ya hapo anajulikana. Anayeikosa anarudi kupigia watoto wanaojifunza kucheza dansi. Kwa Chiriku hapakuwa na mlango mwingine, na hilo tulilijua wote wawili bila kuambiana.

Majaribio yakafanyika ukumbini pale shuleni. Waamuzi wanakaa nyuma ya pazia, ili wasione anayepiga ni nani. Niliposikia habari ya pazia ndipo shaka yangu ilipoota mizizi. Mtu mwenye nia njema anaficha uso wa nini? Pazia ni la watu wawili: anayevua nguo na anayeiba. Tena Mkuu alikuwa na mpwa wake, binti wa dada yake, naye anagombea. Na asubuhi ya majaribio, mimi nimesimama ng'ambo ya barabara, nikamwona Fundi Nyuzi anaingia na mkoba wake, Mkuu akamfungia mlango wa ukumbi kwa ndani. Saa nzima. Akatoka anajifuta jasho.

Chiriku alipoanza, nilimjua hapohapo kutoka barabarani. Mirukio ikaja. Wa kwanza ukatua. Wa pili ukatua. Wa tatu mkono ukafika nusu njia, ukagonga vibao viwili kwa pamoja, sauti kama sahani inayovunjika. Wa saba hivyohivyo. Wa kumi hivyohivyo. Nyumbani ilikuwa inatua yote! Nilikuwa nimeihesabu kwa masikio haya haya.

Nafasi akaichukua mpwa wa Mkuu.

"Wameichezea ile piano," nikamwambia Chiriku njiani.

"Baba, ni mimi nimekosea."

"Kwako unakosea? Hukosei. Kwao unakosea. Tofauti ni nini? Piano."

Akatandaza vidole vyake, akavitazama. Nikadhani ni huzuni.

Mwaka mzima ukapita Chiriku akipigia watoto wa dansi Jumamosi na wanakwaya siku za mitihani yao, jioni anarudi kwenye ubao wangu, tok, tok, tok. Majaribio ya pili yalipobaki wiki tatu, akarudi kutoka kwa Mkuu, akaweka mkoba mezani taratibu.

"Amesemaje?"

"Amesema mkono wa kushoto bado unafika nusu njia."

Nikainuka. Nikachukua futi yangu, nikatia mfukoni kile kibao cha Fundi Nyuzi, ushahidi wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, leo nguo inavuliwa. Nikavunja kiapo changu cha miaka mitatu, nikaingia jengo lile saa nne asubuhi iliyofuata, mapumziko, korido imejaa wanafunzi. Chiriku ananifuata nyuma, "Baba, tafadhali, baba." Fundi Nyuzi alikuwepo ukumbini, kichwa ndani ya piano kama mtu anayetafuta kitu kisimani. Mkuu amesimama pembeni yake.

"Karibu, baba Chiriku," Mkuu akasema. "Siku nyingi."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kupima."

Nikatandaza futi juu ya vibao, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Wanafunzi wakajaa mlangoni. Nikasoma: sentimita mia moja ishirini na mbili, na kidogo.

"Haya!" nikasema, na sauti yangu ikajaa ukumbi. "Kwangu ni mia moja kumi na saba. Vibao vilevile hamsini na viwili. Hizi sentimita tano zimetoka wapi? Mmeitanua!"

Kicheko kikapasuka mlangoni. "Piano haitanuliwi kiunoni kama suruali, mzee!" mmoja akapaza sauti. Mkuu akamgeukia akamtazama tu, yule mtoto akanywea.

Fundi Nyuzi hakucheka. Akatoa kichwa ndani ya piano, akajifuta mikono.

"Kibao nilichokupa unacho?"

"Hiki hapa."

"Kiweke juu ya hiki cha hapa. Kimelingana?"

Kikalingana. Kwa upana, sawasawa kabisa. Nikapima mara mbili. Milimita ishirini na mbili na nusu, na ishirini na mbili na nusu.

Akatoa kadi ngumu mfukoni, akanipa. "Sasa pitisha hii katikati ya kibao na kibao."

Nikaipitisha. Ikapita. Nikaipeleka pengine, ikapita. Kila mahali ikapita, bila kukwama, kama barua chini ya mlango.

"Huo ni mwanya wa milimita moja," akasema polepole. "Kila kibao na jirani yake. Mianya hamsini na moja. Na kwako, fundi mwenzangu, vimekaaje?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni kabla akili haijalizuia, kwa kuwa nimelisema miaka thelathini.

"Kwangu hata wembe haupiti," nikasema.

Nikasikia nilichosema. Hamsini na moja mara milimita moja. Hata hesabu ya darasa la nne inafika. Niliishika futi yangu, ikajikunja yenyewe kwa kelele, na ile kelele ndiyo iliyonitoa nje.

Fundi mzuri haachi mwanya. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ilivyo kwa mlango, meza na sanduku. Lakini kibao cha piano ni kitu kinachoishi na majirani, kinataka nafasi ya kupita. Mtoto wangu akiruka vibao kumi na vinne kwenye ubao wangu, kwenye piano ya kweli anapungukiwa zaidi ya nusu kibao. Miaka mitatu, saa nne kila siku, nimemfundisha mkono wake kufika nusu njia. Mimi, si Mkuu.

Nilikaa karakana bila kushika chombo. Chiriku akaja akakaa juu ya rundo la mbao.

"Nilijua, baba."

"Ulijua nini?"

"Kwamba umebana. Siku ya kwanza tu nilipotandaza vidole, nilijua."

"Siku ya kwanza!" "Mbona hukuniambia, mama?"

Akachuna ganda la mbao, akalizungusha vidoleni. "Ningekuambia nini? Ungesema wamenituma."

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga vizuri kama hivyo, kwa sauti ya chini namna ile. Maana ni kweli. Ningesema wamekutuma, ningeuliza wamekupa nini.

"Tena ilikuwa kabati la mama," akaongeza. "Nikasema nitajifunza mapana yote mawili. Ya nyumbani na ya shuleni. Ila nikiwa na woga, mkono unarudi wa nyumbani."

Kesho yake nikarudi kwa Mkuu. Nilisimama mlangoni mwa ofisi yake, kofia mkononi. Hakunisubirisha. Akavuta droo, akatoa karatasi ileile, imegeuka manjano ukingoni.

"Tarehe tu ndiyo ya kubadilisha," akasema.

"Ulikuwa umeitunza."

"Nilijua wewe ni mtu wa kupima mara mbili. Sikujua itachukua miaka mitatu."

Nikaiomba niende nayo. Sikutaka Chiriku pekee anisomee, maana anampenda Mkuu. Nikampa mama wa duka la vifungo jirani yangu, akanisomea. Nikampa Fundi Nyuzi, akanisomea. Mwisho nikampa Chiriku. Watu watatu, mahali patatu, hakuna aliyejua mwenzake amesoma nini, na niliwasikiliza kama nachunguza maungio. Wote walisoma vilevile. Na kwa mara ya kwanza nikaiacha sentensi ifike mwisho wake: "Shule haitawajibika kwa mali ya mwanafunzi itakayopotea chumbani."

"Mali gani?" nikauliza.

"Mwavuli, baba," akasema Chiriku. "Watu wanasahau miavuli."

Nikasaini.

Wiki tatu, saa kumi na mbili kamili, nilimsindikiza hadi chumba namba nne, na nikakaa kwenye benchi la korido. Akili yangu haikulala. Nilikuwa nasubiri nimwone mtu anamletea ufagio. Siku ya tatu ufagio ukaja kweli. Nikainuka. Aliyeushika alikuwa Mkuu mwenyewe, miwani inabembea, anafagia korido kuelekea kwangu.

"Inua miguu, baba Chiriku."

"Mkuu unafagia?"

"Nafasi ya marehemu mkeo hawajaijaza mpaka leo. Nimewaandikia wakubwa barua tano. Wananijibu suala lipo kwenye kikao."

"Kwenye kikao," nikasema.

"Kwenye kikao."

Tukatazamana. Kile kikao nilikuwa nakijua. Nikamnyang'anya ufagio, mpini ulikuwa unacheza kwenye tundu la ufagio, nikaenda nao nikaupigia kabari. Simaanishi kwamba nilimwamini. Namaanisha mpini ulikuwa unacheza.

Siku ya majaribio nilikaa korido hiyohiyo. Nikadhani Mkuu yupo ndani nyuma ya pazia na waamuzi, kama nilivyodhani mwaka wa kwanza. Kumbe akatokea ngazini, akakaa mwisho wa benchi langu.

"Wewe huhukumu?"

"Mwenye mwanafunzi haruhusiwi hata kukaribia pazia," akasema. "Mwaka jana nilikaa hapahapa, nawasikiliza wawili, wako na wa dada yangu."

Habari ya mpwa wake nikaiweka pembeni. Sijaimaliza hata leo, nasema ukweli. Lakini wakati ule Chiriku alikuwa ameanza.

Mirukio ikaja. Nikahesabu kwa kidole gumba juu ya goti. Wa kwanza, wa pili, wa tatu ukatua safi, mzito, kama kiti kinachowekwa chini na mtu anayejua uzito wake. Wa nne. Wa tano uligusa jirani, kitu kidogo sana, nikakunja uso. Nikageuka, nikaona Mkuu naye amekunja uso wake, wakati uleule. Na kidole chake gumba kilikuwa juu ya goti lake, kimesimama kwenye tano. Hakunitazama. Wa sita. Wa saba. Tukaenda hivyo hadi kumi na mbili, magoti mawili ya wazee kwenye benchi moja, na baada ya wa kumi na mbili Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu ingawa ilikuwa safi.

Saa nane mchana wakabandika jina mlangoni. Sikuhitaji watu watatu kulisoma. Jina la mtoto wangu ndilo neno la kwanza nililojifunza kulisoma bila kuburuta.

Wakamletea mkataba palepale, kurasa nne, na kalamu isiyo na kamba.

"Ngoja," nikasema. "Nikausomeshe kwanza kwa..."

"Nimeshasaini, baba."

"Umesoma mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Ukurasa wa pili wanasema hawatawajibika."

"Hawatawajibika kwa nini?"

"Kwa miavuli," akasema, na akacheka. Chiriku, acheke mbele za watu! Hapo ndipo nilipomwona mama yake.

Sasa yupo na okestra, anarudi Jumapili. Ubao wake sikuuchoma. Niliufungua wote, nikatengeneza fremu nyingine ndefu kwa sentimita tano, nikavipanga vibao upya, na katikati ya kila kimoja na jirani yake nikapitisha ile kadi ya Fundi Nyuzi kabla ya kukaza. Mianya hamsini na moja, nimeiacha kwa mkono wangu, mimi ambaye sijawahi kuacha hata mmoja. Mteja akija akiuona ananiuliza nani aliyeutengeneza vibaya hivi. Namwambia ni kazi yangu.

Vumbi linaingia mle ndani sana. Kila Jumamosi nachukua brashi nyembamba nalitoa, mwanya mmoja mmoja, kuanzia kule chini kwenye sauti nzito.